Aya ya Pili ya Barua ya Kidawa

Katika nchi yetu, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa na kibali changu kiliisha muda mwezi uliopita, hakuna tatizo la ajira. Wizara ya Kazi na Matumaini ililithibitisha hilo katika tamko lake la kurasa tisini. Kazi zipo tele, lilisema tamko. Kinachokosekana ni barua nzuri za kuziomba. Wananchi wanaanza vibaya, wanamaliza vibaya, na katikati wanalalamika. Tulifarijika sana kusikia hivyo, maana kabla ya hapo tulidhani kosa ni la mtu mwingine.

Mimi naitwa Shomvi. Nina stesheneri mkabala na ofisi ya kata: kompyuta mbili, mashine ya kopi moja, na kibao kisemacho BARUA ZA AINA ZOTE. Kwa miaka kumi na nne watu walikuwa wakiniita "wewe wa kopi". Tamko lilipotoka wakaanza kuniita Mwalimu. Sikuwakataza.

Wizara ilitoa na Mwongozo, nami niliubandika ukutani. Barua iwe ya ukurasa mmoja. Aya ya kwanza itaje nafasi inayoombwa na kuishukuru Serikali kwa kuwepo. Aya ya pili ieleze jambo moja kubwa ambalo mwombaji amelifanya kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na takwimu. Aya ya tatu iahidi utii. Historia ya maisha ya mwombaji isirudiwe ndani ya barua, kwa kuwa Serikali inayo tayari.

Siku ya tatu baada ya Mwongozo kutoka, aliingia Kidawa.

Kidawa ni binti wa marehemu Mshindo, aliyekuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko. Alisomea upimaji wa maji, akamaliza wa pili katika darasa lake, kisha akakaa nyumbani miaka minne akimsaidia mama yake kuuza vitumbua. Barua zake arobaini na moja za maombi nilizichapa mimi. Zote zilikuwa fupi, safi, na hazikuwa na kitu ndani.

"Shikamoo, Mzee Shomvi."

"Marahaba, mwanangu. Umeiona nafasi?"

Alikuwa ameiona. Gazeti alilikunja mara nne hadi likabaki tangazo peke yake: Mpima Maji Daraja la Kwanza, Bwawa la Ushindi, nafasi moja.

"Safari hii tutaandika barua yenye meno," nikamwambia. "Aya ya kwanza na ya tatu niachie mimi. Aya ya pili ni yako. Umewahi kufanya jambo gani kubwa?"

Akafikiri. "Sijafanya jambo, Mzee. Nilipata mafunzo ya miezi mitatu tu, pale pale bwawani."

"Huko ulifanya nini?"

"Nilipima."

"Ukapata nini?"

Akatazama mlangoni. Palikuwa hapana mtu ila mbuzi wa diwani, ambaye huwa analala kwenye kivuli changu. Akashusha sauti hata hivyo.

"Risasi, Mzee. Madini ya risasi. Yanatoka kwenye kile kiwanda cha betri. Mara kumi na tisa zaidi ya inavyoruhusiwa. Nilirudia kupima mara arobaini na sita nikidhani nakosea. Nilipompelekea msimamizi wangu, alizimwaga sampuli zote kwenye sinki, akanipa cheti cha tabia njema, akaniambia nisiseme."

Kiwanda hicho cha betri ni cha mtu ambaye hatumjui, ingawa sote tunamfahamu.

Hapa ndipo ninapopaswa kueleza jinsi nilivyo mtu wa msaada. Niliiona aya ya pili imesimama mbele yangu. Kulikuwa na mkono wake mwenyewe, kulikuwa na takwimu, kulikuwa na faida kwa taifa. Katika miaka kumi na nne sikuwahi kuchapa aya kama ile.

"Alikuambia usiseme," nikamwambia. "Hakukuambia usiandike."

Kidawa aliuma kucha. Mama yake alikuwa ameanza kuvimba miguu kwa kusimama kwenye moto. Kidawa akasema, "Haya. Lakini iandike kwa adabu."

Niliiandika kwa adabu. *Mheshimiwa, nikiwa katika mafunzo nilipima maji ya Bwawa la Ushindi mara arobaini na sita, nikagundua yana madini ya risasi mara kumi na tisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Naamini ujuzi huu utaisaidia Wizara kuyaokoa maisha ya wananchi.* Nilipoisoma kwa sauti, mbuzi wa diwani aliinuka akaondoka.

*

Jibu lilikuja baada ya siku nne.

Msomaji wa nchi nyingine hawezi kuelewa uzito wa jambo hili. Kwetu barua ya maombi haijibiwi. Kuna mzee mtaani aliomba kazi ya utarishi akiwa kijana, na bado anasubiri. Ameshapata pensheni ya kusubiri. Lakini Kidawa alijibiwa kwa siku nne, kwa bahasha yenye muhuri wa lakiri, iliyoletwa na pikipiki mbili, moja imebeba bahasha na nyingine imefuata nyuma. Ndani mlikuwa na maneno matatu: *Barua yako imesomwa.*

Mtaa mzima ulikuja kuiona. Mama yake aliichukua akaibusu. Kidawa peke yake ndiye hakucheka. Alikuwa akiigeuza karatasi huku na huku kama mtu anayetafuta maandishi ya upande wa pili.

Jioni ile ile shemeji yangu, Mfaume, akaja dukani. Mfaume ni mdogo wake mke wangu. Ana shahada ya historia na cherehani, na cherehani ndiyo inayomlisha.

"Shem," akasema, "na mimi nichapie ile."

"Ile ipi?"

"Ile inayojibiwa."

"Lakini, Mfaume, wewe hujawahi kupima maji."

"Shem, wewe hujawahi kuwa mwalimu, na unaitwa Mwalimu. Chapa."

Nikachapa. Nilifuta jina la Kidawa, nikaweka la Mfaume, mengine nikayaacha yalivyo, kwa sababu kitu kizuri hakiguswi. Kesho yake wakaja rafiki zake wawili. Keshokutwa kulikuwa na foleni hadi kwenye mtaro. Walikuja wauguzi, mafundi ujenzi, mchungaji mmoja asiye na kanisa, na bibi harusi ambaye mumewe alisema bila barua hiyo haendi popote. Wote walitaka ile inayojibiwa. Wiki ilipokwisha, watu mia tatu na kumi na mmoja, mbali na Kidawa, walikuwa wamemwandikia Mheshimiwa kwamba walipima maji ya Bwawa la Ushindi kwa mikono yao, mara arobaini na sita kila mmoja, wakayakuta na risasi.

Wote walijibiwa. Pikipiki zilipita mtaani mchana kutwa. *Barua yako imesomwa. Barua yako imesomwa.*

Ijumaa alikuja mteja aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri sana. Alitaka kopi ya kitambulisho. Nilipompa, aliikunja bila kuitazama, akaniuliza kama kompyuta zangu zinahifadhi kila ninachochapa. Nikamwambia kwa fahari kwamba zinahifadhi. Akasema, "Ahsante, Mwalimu." Sikuwa nimemwambia watu wananiitaje.

*

Kidawa aliposikia, alikuja akikimbia, unga wa mchele ungali mikononi.

"Mzee Shomvi, ile aya yangu ipo kwenye barua za watu wangapi?"

"Yako? Mwanangu, hiyo sasa ni ya taifa."

"Wangapi?"

Nikamtajia. Akakaa kwenye benchi la wateja, akafunika uso kwa mikono, unga ukambakia kwenye paji.

"Mimi nilipima," akasema. "Mimi nikiulizwa nina la kujibu. Hao wataulizwa nini?"

"Wataulizwa maswali ya usaili kama kawaida. Nguvu zako ni zipi, udhaifu wako ni upi."

"Mzee, pikipiki mbili zinaleta karatasi ya maneno matatu. Wewe huoni?"

Nilikuwa naona. Lakini mtu anaweza kuona kitu akaamua kuwa amekiona vibaya. Nchi yetu imeishi hivyo miaka mingi na bado ina bendera.

Alikwenda kwa Mfaume, akamkuta anashona suti yake ya usaili. Akamsihi asiende. Mfaume alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole, sindano ikiwa mdomoni, kisha akaitoa akasema, "Dada Kidawa, nafasi ni moja. Nikikaa nyumbani atapata nani? Wewe. Ungekuwa mimi ungekubali?"

Jumamosi redio ikatangaza. Waombaji wote wa nafasi ya Mpima Maji wafike Uwanja wa Uhuru na Shukrani saa nane mchana. Mwenye stesheneri mkabala na ofisi ya kata aje na mashine yake.

*

Uwanja ulikuwa umefagiliwa hadi nyasi zimeisha. Waombaji waliketi juani wamevaa nguo zao bora, bahasha magotini. Pembeni yalikuwa yamepangwa malori manane meupe yenye turubai, na injini zake zilikuwa zikinguruma tangu tulipofika. Nikajiambia, angalia jinsi Serikali isivyopenda kuchelewesha ajira.

Mimi niliwekwa chini ya hema pamoja na mashine yangu, karibu na Mheshimiwa Kondo Mabruki, Mwenyekiti wa Jopo la Taifa la Usaili. Ni mtu mnene mwenye sauti ya mkunga. Akasimama, akatabasamu kwa kila upande.

"Wapendwa waombaji! Katika historia ya Wizara yangu hatujawahi kupokea barua zenye mvuto kama hizi. Nimezisoma zote. Nilipomaliza ya kwanza sikulala. Nilipomaliza ya mia, hata bosi wangu hakulala. Nchi nzima ya juu hailali, kwa ajili yenu." Watu wakapiga makofi. "Lakini nafasi ni moja. Tunamtaka mmoja tu, yule aliyepima maji kwa mkono wake. Huyo leo haendi nyumbani. Anaondoka na sisi. Basi, aliyepima asimame."

Wakasimama wote kwa mkupuo mmoja, kama kanisani. Suti ya Mfaume ilikuwa safu ya mbele. "Mimi, Mheshimiwa!" alipiga kelele, na mia tatu na kumi nao wakapiga kelele hiyo hiyo, wakisukumana ili waonekane.

Tabasamu la Mheshimiwa likatetereka kidogo. "Ulipata ngapi?" akamuuliza Mfaume.

"Mara kumi na tisa, Mheshimiwa!"

"Na wewe?" akamuuliza bibi harusi.

"Mara kumi na tisa!"

Alipita safu nzima, kisha ya pili, akauliza na kuuliza, na kila aliyeulizwa alijibu mara kumi na tisa, bila kusita. Aliporudi hemani alikuwa anafuta jasho. Nilimsikia akimwambia msaidizi wake, "Hata kule mahakamani kwetu hatujawahi kupata mashahidi waliokubaliana namna hii."

Wakati huo ndipo alipomwona Kidawa. Alikuwa ameketi peke yake katikati ya watu waliosimama, kitambaa kichwani, viatu vya mama yake miguuni.

"Na wewe, binti? Huitaki kazi?"

Kidawa akafungua mdomo. Nilimwona akimtazama Mfaume, kisha malori, kisha mimi. Mwisho akasema, "Sina sifa, Mheshimiwa. Ile barua niliandikiwa."

Msaidizi akaandika kwenye daftari, nami kwa kuwa nilikuwa karibu nikasoma: *Mkweli. Hafai.*

"Rudi kwa mama yako," akasema Mheshimiwa kwa upole. Kisha akawageukia wengine, mikono imenyooshwa. "Serikali yenu ni sikivu! Kama wote mmepima, wote mmeajiriwa!"

Hamjawahi kusikia shangwe kama ile. Wake zao waliokuwa wakisubiri nje ya uzio walipiga vigelegele. Mimi nilitoa kopi mia tatu na kumi na moja za kiapo, ambacho maneno yake yalikuwa yamefunikwa kwa karatasi nyeusi ili yasiwachoshe waapaji, nao wakasaini wakiimba. Wakapanda malorini wakiimba. Turubai zikashushwa, zikafungwa kwa nje, na bado tuliwasikia wanaimba hadi malori yalipopinda kona.

*

Wiki moja ikapita, ya pili ikapita. Redio ilisema waajiriwa wapya wapo katika mafunzo ya kunyamaza kitaalamu na wanaendelea vizuri sana, kwani hakuna aliyelalamika.

Mke wangu, Bi. Tatu, si mtu wa maneno mengi. Siku ya kumi na tano alinisimamia mbele ya sahani yangu.

"Baba Zaina, ndugu yangu yuko wapi?"

"Kazini."

"Kazini wapi?"

"Redio imesema..."

"Sijaiuliza redio."

Akaondoa sahani ikiwa imejaa. Dukani nako wateja walikuwa wake za waajiriwa tu, na hawakuja kuchapa. Walikaa kwenye benchi wakiitazama kompyuta, kana kwamba waume zao wamo ndani yake.

Kidawa naye alikuwa amekonda. Asubuhi moja alijifunga khanga, akachukua daftari lake la vipimo, lile lenye tarehe zote arobaini na sita, akaenda Wizarani kusema kwamba aliyepima ni yeye. Saa sita akarudi dukani kwangu. Karani wa mapokezi alikuwa amemsikiliza hadi mwisho, akamwambia kwamba kusema ukweli Wizarani ni huduma inayoombwa kama huduma nyingine. Alete barua ya maombi, ukurasa mmoja.

"Nichapie, Mzee."

"Kidawa," nikasema, "walikwambia urudi kwa mama yako. Serikali ikikusahau, hiyo ni bahati. Mama yako ana nani mwingine?"

"Mama ndiye aliyenifunga hii khanga." Akaweka daftari juu ya meza. "Kila usiku wake za wale watu wanapita mlangoni kwetu. Hawasemi kitu. Wananunua kitumbua kimoja, wanaondoka. Chapa, Mzee. Safari hii aya ya kwanza na ya tatu pia ni zangu."

Alisema, nikachapa.

*Mheshimiwa, aliyepima maji ya Bwawa la Ushindi ni mimi, na daftari ni hili. Hao mliowachukua hawajui hata chupa ya sampuli inafunguliwaje. Walitaka kazi tu, kama mimi. Warudisheni nyumbani, mniulize mimi.*

"Basi?" nikauliza.

"Basi."

"Niongeze 'wako mtiifu'?"

"Acha wazi."

Nimechapa barua nyingi maishani mwangu, nikazipamba, nikaziongezea heshima na unyenyekevu. Ile ndiyo pekee niliyoitoa kwenye printa bila kuiongezea hata nukta. Nilikataa kupokea chochote. Aliikunja, akaiweka ndani ya daftari, akaniaga kama anavyoniaga siku zote, akavuka barabara kwa kuangalia kushoto na kulia.

*

Jumatatu iliyofuata wakarudi.

Walirudi wote, mia tatu na kumi na mmoja, katika sare ya buluu yenye tone la maji kifuani. Cheo chao kipya kilikuwa Waonjaji wa Taifa. Redio ilieleza kwamba kumekuwa na uvumi juu ya maji, na kwamba Serikali, badala ya kubishana na uvumi, imeamua kuunywa. Kila Mwonjaji atapita nyumba kwa nyumba akiwa na afisa. Atafungua bomba la nyumba hiyo, atakunywa glasi moja mbele ya familia, kisha wenye nyumba watakunywa na kusaini kwamba wamekunywa kwa hiari.

Kwetu alikuja Mfaume. Nyuma yake alikuwa yule mteja wa shati lililonyooshwa, sasa amebeba daftari kubwa.

Bi. Tatu alimkimbilia mdogo wake, akamkumbatia. Mfaume alisimama wima kama nguzo, mikono imeshuka. Ngozi yake ilikuwa imepauka na midomo imekauka, jambo la ajabu kwa mtu anayekunywa mchana kutwa.

"Ndugu wananchi," akasema, akitazama ukuta juu ya kichwa changu, "maji ya Bwawa la Ushindi ni salama. Nimeyapima mwenyewe mara arobaini na sita."

"Mfaume," nikasema, "ni mimi, shemeji yako. Kidawa mlimwona?"

Akamtazama afisa. Afisa akatikisa kichwa kuruhusu.

"Mwombaji huyo alifaulu usaili," akasema Mfaume.

"Amepangiwa wapi?"

"Kituo hakikutajwa."

Akaenda kwenye bomba letu la uani, akajaza glasi, akanywa yote mbele yetu bila kupumua. Nilimwona koo likipanda na kushuka. Kisha akajaza ya pili, akamletea dada yake. Maji yakawa yanamwagikia kwenye tone la kifuani mwa sare.

Bi. Tatu hakuipokea. "Umekunywa ngapi leo?" akamuuliza, kwa sauti ile aliyokuwa akimwulizia zamani kama amekula.

Mfaume akamtazama afisa.

"Mfaume. Nakuuliza mimi. Ngapi?"

"Hii ilikuwa ya thelathini na saba, dada."

Mke wangu akaichukua glasi kutoka mkononi mwake, taratibu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Akaigeuza. Maji yakamwagika kizingitini, yakaenda hadi kwenye viatu vya afisa.

Afisa hakukasirika. Ni watu wa malezi mazuri. Alisogeza mguu, akafungua ukurasa mpya, akatoa kalamu mfukoni.

"Jina lako kamili, mama?"

Bi. Tatu akalitaja lote, lake na la baba yake na la babu yake, polepole, akisubiri kalamu imalize kila neno ndipo aendelee na jingine. Mfaume alikuwa bado ameshika hewa pale ilipokuwa glasi, na machozi yalikuwa yakimtiririka bila uso wake kubadilika.

Afisa alipomaliza kuandika, akaninyooshea mimi glasi tupu, akaonyesha bomba kwa kidevu.

"Mwalimu," akasema.

Nikaitazama glasi. Nikamtazama mke wangu, aliyekuwa amesimama bila kufumba jicho, mkono wake begani mwa mdogo wake.

"Naitwa Shomvi Kombo Shomvi," nikasema. "Andika chini ya lake."